Kuhama programu ya barua pepe kwenye kompyuta: tujue kwanza barua zetu zimekaa wapi

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Swali la programu ipi ya barua pepe inafaa zaidi kwa kompyuta hurudi mara kwa mara, na majibu yake karibu siku zote huwa majina matupu: huyu anasifu Thunderbird, yule anashikilia Outlook, mwingine anataja eM Client au Apple Mail, na aliyeuliza anabaki pale pale alipokuwa. Nimefungua uzi huu kwa sababu naona tunaanza kujibu kabla ya kujua muulizaji ana nini mkononi. Programu ya kusikilizia muziki ukiichoka unaifuta na kuweka nyingine siku hiyo hiyo, na nyimbo zako zipo palepale. Programu ya barua pepe hukaa na barua zako kwa miaka, na baadhi yake huzihifadhi kwa namna ambayo programu nyingine haziwezi kuisoma moja kwa moja. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza, kabla ya sura, kasi na bei, ni hiki: siku nitakapotaka kuondoka, je, programu hii itaniachia barua zangu zote, zikiwa kamili na viambatisho vyake, katika muundo ambao wengine wanaufahamu?

Siku hiyo huja, hata kwa mtu anayeipenda programu yake. Eudora, iliyoandikwa mwaka 1988 na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois na baadaye kuchukuliwa na Qualcomm, ilikuwa na wapenzi wengi kupita kiasi, lakini kazi ya kuiendeleza katika umbo lake la asili ilisimamishwa mwaka 2006. Outlook Express, iliyoingia pamoja na Internet Explorer 4 mwaka 1997, haikuvuka kizazi cha Windows XP. Windows Live Mail ilikoma kuhudumiwa Januari 2017, na programu ya Mail iliyokuja na Windows 10 ikafikia mwisho wa huduma yake tarehe 31 Desemba 2024. Hata Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, ilipita kipindi kigumu mwaka 2012 pale Mozilla, shirika lililoitengeneza, ilipotangaza kupunguza nguvu kazi iliyokuwa ikiiendeleza. Leo inasimamiwa na kampuni tanzu iliyoundwa mwaka 2020 na inaendeshwa zaidi kwa michango ya watumiaji. Nimetaja hayo ili tukubaliane kwamba kuhama ni sehemu ya kawaida ya maisha ya barua pepe, na programu inayofaa ni ile inayolichukulia jambo hilo hivyo hivyo.

Sasa, kabla hujapakua chochote, fungua mipangilio ya akaunti yako na utazame itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano kati ya programu na seva, inayotumika kupokea barua. Ukikuta IMAP, kwa kawaida kwenye poti 993, barua zako zinaishi kwenye seva ya mtoa huduma, na programu iliyo kwenye kompyuta hukuonyesha nakala zake. Ukikuta POP3, kwa kawaida poti 995, au 110 kwa mipangilio ya kale isiyofungwa kwa usimbaji fiche, basi programu imekuwa ikizishusha barua kwenye diski yako na, isipokuwa uliiamuru vingine, kuzifuta kwenye seva. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoamua kama kuhama kwako ni kazi ya robo saa au ya wiki nzima. Mtu wa IMAP anaweka programu mpya, anaandika anwani na nywila, anasubiri folda zijae, basi. Mtu wa POP3 amebeba kumbukumbu pekee iliyopo duniani ya barua zake, nayo imo ndani ya kompyuta moja.

Kuna kundi la tatu ambalo mara nyingi halijijui. Hawa wanatumia IMAP, lakini kwa miaka wamekuwa wakihamishia barua za zamani kwenye folda za kompyutani ili kupunguza msongamano kwenye seva, au programu yenyewe imekuwa ikifanya hivyo kimyakimya kupitia kipengele cha kuhifadhi kumbukumbu. Kwenye orodha ya upande wa kushoto, folda hizo huonekana zikiwa zimejitenga na zile za akaunti, aghalabu chini kabisa, chini ya kichwa chenye maana ya "kwenye kompyuta hii". Zitafuteni kabla ya yote, kwa sababu programu mpya ikiunganishwa na seva haitaziona, na aliyekwisha kufuta programu ya zamani huenda asitambue upungufu huo mpaka siku anapoitafuta barua ya miaka mitano nyuma.

Nitaendelea kujibu kadiri maswali yatakavyokuja. Mwenye uzoefu wa programu fulani na aeleze alivyoingia nayo, na zaidi aeleze alivyotoka nayo.

#2 Mhasibu

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa utangulizi huu. Mimi ni mmoja wa hao wa POP3. Barua za kazi zangu zote zimo kwenye kompyuta moja, na nikifungua akaunti kwa kivinjari ninaziona barua za wiki chache tu. Nataka kuhamia IMAP na wakati huo huo kubadilisha programu. Je, nifanye yote mawili kwa pamoja, au nianze na lipi? Na je, nikiunganisha programu mpya kwa POP3 kama nilivyo sasa, kuna hasara gani?

#3 Mleta uzi

Ndugu Mhasibu, anza na IMAP ukiwa bado ndani ya programu yako ya zamani. Programu karibu zote zinaruhusu akaunti ileile iongezwe mara ya pili kwa itifaki nyingine, kwa hiyo utakuwa na akaunti ya POP3 na ya IMAP zikiwa pamoja kwenye dirisha moja. Zuia kwanza ile ya POP3 isiendelee kushusha barua yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Kisha unda folda mpya kwenye upande wa IMAP, chagua barua za folda moja ya zamani, na uzinakili kwenda huko. Nasema uzinakili, usizihamishe. Nakala ya awali ibaki mahali pake hadi utakapojiridhisha.

Kazi hii ina mipaka yake. Kwanza, angalia nafasi uliyopewa na mtoa huduma, kwa sababu kumbukumbu ya miaka mingi inaweza kuijaza akaunti na barua mpya zikaanza kurudishwa kwa waliozituma. Pili, watoa huduma wengine huweka kikomo cha siku: Gmail, kwa mfano, huruhusu megabaiti 500 tu kupakiwa kwa IMAP kwa siku moja, na megabaiti 2500 kupakuliwa, hivyo mwenye gigabaiti nyingi hana budi kwenda polepole. Tatu, nenda folda kwa folda, au mwaka kwa mwaka, na kila ukimaliza linganisha idadi ya barua za pande zote mbili. Ukijaribu kuburuta barua elfu thelathini kwa mkupuo mmoja na muunganisho ukakatika katikati, utabaki hujui zipi zimefika na zipi hazikufika.

Kuna jambo dogo linalowashtua watu katika hatua hii. Barua zilizopakiwa kwa IMAP zinaweza kuonekana kama zote zimepokelewa leo, kwa kuwa seva hutunza tarehe yake yenyewe ya kupokea, mbali na tarehe iliyoandikwa ndani ya barua. Barua haijaharibika. Panga orodha kwa safu ya tarehe ya kutumwa badala ya tarehe ya kupokelewa, na mpangilio utarudi kama ulivyokuwa.

Kuhusu swali lako la mwisho: programu hutambua barua ilizokwisha kushusha kwa kutunza orodha ya vitambulisho ambavyo seva ya POP3 huipa kila barua. Orodha hiyo ni mali ya programu ya zamani. Programu mpya haina habari nayo, kwa hiyo itashusha upya kila kilichopo kwenye seva, na ukishaingiza kumbukumbu za zamani utakuwa na barua zinazojirudia. Mbaya zaidi ni programu mbili za POP3 kwenye akaunti moja zinazofuta baada ya kushusha: kila moja itachukua sehemu yake, na hakuna itakayokuwa na mazungumzo kamili.

#4 Mtumiaji wa kivinjari

Wakuu, naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Sioni sababu ya mtu wa leo kuhangaika na programu ya kompyutani. Kivinjari kinafungua akaunti popote, utafutaji wake una kasi, na hakuna faili la kuharibika. Je, haya mnayoyaeleza si mzigo ambao mtu anaweza kuuepuka kabisa?

#5 Mleta uzi

Hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Mwenye akaunti moja, asiyekaa mahali pasipo na intaneti, na asiyekuwa na wajibu wa kutunza kumbukumbu, anatosheka na kivinjari, na simshauri aongeze programu kwa ajili ya kuongeza tu.

Programu ya kompyutani inaanza kuwa na maana pale mtu anapokuwa na akaunti tatu au nne kwa watoa huduma tofauti na anataka kuzisoma na kutafuta ndani yake kwa pamoja. Au anapotaka kusoma na kuandika bila intaneti, barua zikaondoka muunganisho utakaporudi. Au anapotaka nakala iliyo mikononi mwake, ambayo haitegemei kama akaunti itafungwa kesho kwa sababu yoyote ile. Hili la mwisho ndilo linalonishikilia mimi. Akaunti ikifungwa, kivinjari hakina cha kukuonyesha, lakini programu iliyopangwa kutunza barua zote kwenye diski inaendelea kufunguka.

Hata hivyo naomba msinielewe kwamba IMAP yenyewe ni nakala rudufu. IMAP hulinganisha pande mbili: barua ikifutwa kwenye seva, hata kama aliyeifuta ni mtu aliyeiba nywila yako, programu nayo itaiondoa kompyutani mara itakapounganishwa. Nakala ya kweli ni ile iliyotolewa nje ya mzunguko huo na kuwekwa kwenye diski nyingine. Wenye akaunti za Google wanaweza kuipata kupitia huduma ya Takeout, ambayo hutoa barua zote katika muundo wa mbox. Wengine watalazimika kuitoa kutoka ndani ya programu.

#6 Mtunza kumbukumbu

Kwa kuwa muundo wa mbox umetajwa, naomba niueleze kidogo, kwa sababu kazi yangu ni kupokea kumbukumbu za barua kutoka kwa watu wengine na nimeona jinsi muundo unavyoamua kama barua zitasomeka au la.

Mbox ni faili moja ya maandishi ya kawaida ambamo barua zote za folda zimepangwa mfululizo. Kila barua huanza na mstari wenye neno "From" na nafasi baada yake, na hivyo ndivyo programu inavyojua barua moja imekwisha na nyingine imeanza. Ndiyo maana katika barua za zamani zilizoandikwa kwa Kiingereza mtaona wakati mwingine alama ya > mbele ya neno hilo katikati ya habari: programu iliiweka ili mstari wa kawaida usidhaniwe kuwa mwanzo wa barua mpya. Uzuri wa mbox ni kwamba hata kama programu zote za barua zingetoweka, faili hiyo ingefunguka kwa kihariri chochote cha maandishi, na maneno yangeonekana, ingawa viambatisho vingekuwa vimesimbwa kwa herufi zisizosomeka kwa macho.

Ubaya wake ni kwamba kufuta barua hakuiondoi kwenye faili. Thunderbird, ambayo hutumia mbox isipochaguliwa vingine, huiwekea alama ndani ya mstari wa X-Mozilla-Status ulio kwenye kichwa cha barua, na barua hubaki humo hadi folda itakapobanwa (compact), yaani zilizofutwa zitakapoondolewa kabisa kwenye faili. Sasa tazameni kinachotokea wakati wa kuhama: mtu ananakili faili za mbox, anaziingiza kwenye programu nyingine isiyoielewa alama ile, na barua zote alizozifuta miaka iliyopita zinafufuka, zikiwemo zile ambazo hakutaka mtu azione tena. Baneni folda zote kabla ya kunakili. Ni amri moja kwenye menyu, nayo huokoa masikitiko makubwa.

Maildir hufuata njia nyingine. Ulibuniwa na Daniel J. Bernstein kwa ajili ya seva yake ya qmail, na huweka kila barua katika faili yake pekee. Ni salama zaidi pale umeme unapokatika katikati ya kazi, kwa kuwa kinachoweza kuharibika ni barua moja na si folda nzima, na kunakili nakala rudufu ni kwepesi kwa sababu faili zilizobadilika ndizo tu zinazonakiliwa.

Kuhusu PST ya Outlook, nasema kwa uzito wote: hiyo ndiyo inayonipa kazi kubwa kuliko zote. Ni faili ya mfumo maalumu inayobeba barua, kalenda na anwani kwa pamoja. Zile za kale, kabla ya Outlook 2003, zina kikomo cha gigabaiti 2, na zilipokikaribia ziliharibika kwa urahisi. Zilizofuata zilikuwa na kikomo cha kawaida cha gigabaiti 20, kikapandishwa hadi 50 kuanzia Outlook 2010. Faili yenyewe haifunguki kwa kihariri cha maandishi. Ipo programu huria iitwayo readpst inayoweza kuigeuza kuwa mbox, na mimi huitumia, lakini mwenye Outlook ya zamani ambayo bado inafanya kazi hana haja ya kufika huko: afungue PST ndani ya Outlook yenyewe, aunganishe akaunti ya IMAP, na anakili folda kama mleta uzi alivyoeleza. Seva inakuwa daraja, na programu ya upande wa pili haitajua kamwe kwamba barua zilitoka kwenye PST.

#7 Mwanafunzi

Nimeufuata uzi huu na nimejaribu leo kuunganisha akaunti yangu ya Gmail na programu niliyoizoea ya toleo la zamani. Inakataa nywila, ingawa nywila hiyo hiyo inafanya kazi kwenye kivinjari. Nimeiandika upya kwa uangalifu na jibu ni lile lile. Je, tatizo ni programu au ni akaunti?

#8 Fundi wa mtandao

Ndugu Mwanafunzi, nywila yako ni sahihi. Kilichobadilika ni namna ya kuingia. Google iliacha kuzikubali nywila za kawaida kutoka programu za nje kwa akaunti binafsi mwishoni mwa Mei 2022, na Microsoft ikafanya vivyo hivyo kwa akaunti binafsi za Outlook.com Septemba 2024. Kinachotakiwa sasa ni OAuth2: programu hufungua dirisha dogo la kivinjari, unaingia kwa mtoa huduma mwenyewe, naye huipa programu kibali ambacho unaweza kukifuta wakati wowote bila kubadilisha nywila. Programu yenyewe haiioni wala kuitunza nywila yako, na kwa usalama hilo ni jambo jema.

Kwa hiyo tazama kama toleo lako linaelewa OAuth2. Kama halielewi, kwa Gmail ipo njia ya nywila ya programu, yaani nywila maalumu ya herufi 16 ambayo Google hukutengenezea baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Kwa programu ambayo haipokei tena masasisho, hata hivyo, nisingekushauri uishike kwa kamba hiyo. Programu ya barua hufungua kila siku maandishi, picha na faili kutoka kwa watu usiowajua, na matundu yake ya usalama yasipozibwa ni hatari kuliko ya programu nyingine nyingi. Mwaka 2018 watafiti walionyesha, katika udhaifu uliopewa jina la EFAIL, jinsi barua zilizosimbwa zilivyoweza kuvujishwa kupitia programu zinazojulikana sana, zikiwemo Thunderbird, Apple Mail na Outlook. Waliokuwa wakipokea masasisho walizibiwa udhaifu huo.

Jambo jingine kwa wenye Gmail: kile ambacho kivinjari hukiita lebo, IMAP hukionyesha kama folda. Barua yenye lebo tatu itaonekana kwenye folda tatu, na mara ya nne kwenye folda ya barua zote. Usidhani ni nakala zilizojirudia ukaanza kuzifuta. Ukitaka kupunguza mzigo wa kupakua, nenda kwenye mipangilio ya Gmail kupitia kivinjari na uiondoe folda ya barua zote isionyeshwe kwenye IMAP, lakini fanya hivyo ukijua kwamba barua ulizoziweka kando bila lebo zinapatikana humo tu.

#9 Mhariri

Naomba kuuliza kuhusu faragha, kwa kuwa barua zangu nyingi ni za watu walioniamini. Nimeona Outlook mpya ya Windows inatolewa bila malipo na ina sura nzuri. Je, ni sawa na ile ya zamani?

#10 Fundi wa mtandao

Si sawa, na tofauti yenyewe inagusa hasa hilo unalolijali. Programu ya jadi, iwe Thunderbird, Apple Mail au Outlook ya zamani, ikipewa akaunti ya IMAP huzungumza na seva ya mtoa huduma wako moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yako. Outlook mpya, unapoiongezea akaunti ya mtoa huduma mwingine, hukuomba ruhusa ya kuisawazisha akaunti hiyo na wingu la Microsoft, maana yake barua zako zinapitia na kutunzwa pia kwenye seva zake. Jambo hilo limeelezwa wazi kwenye dirisha la kuunganisha akaunti, lakini wengi hubonyeza kitufe cha kuendelea bila kusoma. Anayeridhika nalo na aitumie. Kwa mtu mwenye wajibu wa kutunza siri za wengine, mimi ningechagua programu isiyomweka mtu wa tatu katikati.

Katika programu yoyote utakayochagua, hakikisha picha zilizo nje ya barua hazipakuliwi zenyewe. Picha ndogo isiyoonekana inaweza kumjulisha aliyetuma barua kwamba umeifungua, na saa uliyoifungua.

#11 Mtumiaji wa Linux

Nitasema kwa ufupi kuhusu upande wetu. Evolution ndiyo iliyo karibu zaidi na mazingira ya ofisi, kwa kuwa barua, kalenda na anwani zimo ndani yake, na inaweza kuunganishwa na seva za Exchange, zile za Microsoft zinazotumika maofisini. KMail inawafaa wanaotumia KDE, mojawapo ya mazingira ya eneo-kazi la Linux. Claws Mail ni nyepesi na ina kasi hata kwenye kompyuta dhaifu, ila haikuundwa kwa ajili ya kuandika barua zenye mapambo. Mutt, iliyoanza mwaka 1995, ni ya wale wanaopenda kufanya yote kwa kibodi.

Anayetoka Windows kwenda Linux akiwa na Thunderbird ana bahati njema: programu ni ileile, na kila kitu chake, yaani barua, vichujio, anwani, hata mipangilio, kimo ndani ya folda moja ya wasifu. Funga programu, nakili folda hiyo, iweke mahali pake kwenye mfumo mpya na uifungue kupitia kisimamizi cha wasifu. Toleo la upande mpya lisiwe la nyuma kuliko la upande wa zamani, vinginevyo programu itakataa kuufungua wasifu huo.

#12 Mhasibu

Ndugu mleta uzi, nimefuata maelekezo yako. Folda zote zimefika kwenye IMAP, idadi zinalingana, na programu mpya inazionyesha. Sasa nataka kuifuta ya zamani. Kuna chochote ninachoweza kuwa nimekisahau?

#13 Mleta uzi

Hongera kwa subira, ndugu Mhasibu. Usiifute bado. IMAP hubeba barua na folda tu, na kuna vitu kadhaa vilivyobaki nyuma.

Vichujio ni cha kwanza. Ikiwa ulikuwa na kanuni zinazopeleka ankara kwenye folda moja na taarifa za benki kwenye nyingine, kanuni hizo zilikuwa zikifanya kazi ndani ya programu ya zamani, na kwa kawaida muundo wake hauhamishiki. Ziandike upya, na kama mtoa huduma wako anakuwezesha kuweka vichujio kwenye seva yenyewe, ziweke huko, maana zitafanya kazi hata kompyuta ikiwa imezimwa, na siku ukihama tena hutaziandika mara ya tatu. Ipo hata lugha ya kawaida ya kazi hiyo, Sieve, ambayo watoa huduma kadhaa wanaiunga mkono.

Anwani zitoe kwa muundo wa vCard, na kalenda kwa iCalendar, yaani faili zinazoishia na vcf na ics. Muundo wa CSV nao hufanya kazi kwa anwani, lakini kila programu hupanga safu zake kwa namna yake, na ni kawaida kukuta namba za simu zimeingia mahali pa majina. Kumbuka vilevile kwamba anwani nyingi ambazo programu ilikuwa ikikukamilishia ulipoanza kuandika jina hazikuwa kwenye kitabu cha anwani. Programu ilizikusanya kutokana na barua ulizotuma. Hizo zinaweza kuwa kwenye orodha ya pembeni, nayo ina utaratibu wake wa kutolewa.

Kisha tuma barua moja kutoka programu mpya na utazame nakala yake imehifadhiwa wapi. Programu hutofautiana majina ya folda ya zilizotumwa, na mara nyingi utakuta akaunti ina folda mbili au tatu za kazi hiyo hiyo, kila programu imejiundia yake. Chagua moja kwenye mipangilio, hamishia humo zilizo kwenye nyingine, kisha fanya vivyo hivyo kwa rasimu na barua taka. Programu ya simu yako nayo iangalie, kwa sababu huenda ndiyo iliyounda ile folda ya tatu.

Mwisho, na hili ni zito kuliko yote kwa anayelihitaji: kama uliwahi kutuma au kupokea barua zilizosimbwa kwa OpenPGP au S/MIME, yaani njia mbili za kuifunga barua ili asome mwenye ufunguo tu, ufunguo wako wa siri umo ndani ya programu ya zamani au kwenye hazina ya funguo ya kompyuta hiyo. Barua zenyewe zimehama zikiwa bado zimefungwa. Bila ufunguo huo hakuna mtu, hata mtoa huduma, atakayeweza kuzifungua. Utoe kwenye faili yenye nywila, uuingize kwenye programu mpya, kisha ujaribu kuifungua barua ya zamani kabisa kati ya zilizosimbwa, si ile ya jana, kwa sababu huenda ulibadilisha ufunguo katikati na unahitaji wote wawili.

Baada ya hapo, ondoa akaunti zote za kupokea kwenye programu ya zamani ili isiendelee kushusha chochote, lakini kabla ya kufanya hivyo nakili folda yake yote ya data kwenye diski ya nje, kwa kuwa baadhi ya programu hufuta barua pamoja na akaunti. Kaa na programu mpya hadi utakapofunga hesabu za mwaka angalau mara moja, kwa maana katika kazi yako huo ndio wakati barua za zamani hutafutwa kwa wingi. Ukikuta kila ulichokitafuta kipo, ifute.